Kabla hujapiga Windows upya

Mafaili ya mfumo yakiharibika, fundi mwenye haraka atakwambia "tupige Windows upya". Mwambie asubiri kidogo. Washa laptopu, na nembo ikitokea tu, shikilia kitufe cha kuwashia hadi izime. Rudia mara 2 au 3, Windows 10 na 11 zitafungua zenyewe ukurasa wa matengenezo. Anza na Startup Repair. Ikishindikana, fungua Command Prompt, andika:

sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows

Amri hii haigusi picha wala nyaraka zako. Ila angalia: kwenye ukurasa huo wa matengenezo C huweza kugeuka D, kwa hiyo hakikisha kwanza kwa dir C: palipo na folda ya Windows. Laptopu ikidai ufunguo wa BitLocker (ulinzi wa diski), wenye tarakimu 48, utafute kwenye akaunti yako ya Microsoft. Na laptopu iwe kwenye chaja muda wote.