Kumwaga Mtoto Langoni: Mafunzo kwa Wazazi ili Kupunguza Hofu ya Kutengana

Kila Januari, shule za Songea hupokea watoto wa darasa la awali. Baadhi hulia langoni, hung'ang'ania kanga ya mama, au hulalamikia tumbo kila asubuhi. Mara nyingi mzazi hushauriwa atoroke mtoto akigeuka. Ushauri huo huongeza tatizo.

Hofu ya kutengana ni sehemu ya makuzi. Hujitokeza kabla ya mwaka wa kwanza kutimia, kisha hupungua kadiri mtoto anavyoelewa kuwa aliyeondoka atarudi. Mary Ainsworth, aliyechunguza watoto wachanga 28 wa Kiganda nchini Uganda mwaka 1954 na 1955, aliona kwamba mtoto mwenye hakika na mama yake ndiye anayethubutu kwenda mbali naye. Hofu huhesabiwa kuwa ugonjwa inapozidi umri wa mtoto, ikadumu wiki 4 au zaidi, na kuvuruga masomo, usingizi au mchezo.

Mafunzo humlenga mzazi kwa sababu mwenendo wake ndio somo la mtoto. Mzazi anayetoroka humfundisha mtoto kwamba akizubaa ataachwa. Kesho yake atashika kanga kwa nguvu zaidi. Anayemrudisha nyumbani kwa sababu ya kilio humthibitishia kuwa shule ni hatari. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, uliochapishwa mwaka 2020 na kuhusisha watoto 124 wa miaka 7 hadi 14, ulionesha kuwa kuwafundisha wazazi pekee hakukuwa na matokeo duni kuliko kumtibu mtoto mwenyewe.

Mhudumu wa afya anaweza kumwelekeza mzazi hivi:

1. Amzoeze mtoto kuachwa kwa muda mfupi kwa bibi au jirani, kisha auongeze polepole.
2. Aage waziwazi, kwa maneno yaleyale kila siku, bila kurudi nyuma.
3. Ataje wakati wa kurudi kwa tukio analolijua mtoto, kama vile "baada ya uji", na atimize ahadi.
4. Aikubali hofu na kuonesha imani: "Najua unaogopa, utaweza."
5. Asifu kila hatua. Asimcheke, asimwite mdekaji wala kumchapa.
6. Walezi wote wa nyumbani wakubaliane kufuata njia moja.

Kilio kinaweza kuongezeka siku za mwanzo. Hiyo si dalili ya kushindwa.

Hata hivyo, si kila kilio ni hofu ya kutengana. Maumivu ya tumbo yachunguzwe kwanza. Iwapo hofu imeanza ghafla, mhudumu aulize kwa upole kuhusu msiba, kipigo au ukatili, nyumbani, njiani na shuleni. Hofu isiyopungua licha ya juhudi hizi, mtoto apewe rufaa kwenda hospitali ya mkoa.