Dar es Salaam Ufukweni: Pa Kwenda, na Wanayoyasema Wenyeji

Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, na Jumapili jioni wengi hutafuta upepo wa bahari. Mwongozo huu ni kwa mgeni anayekuja kutoka Mwanza, Mbeya, Nairobi au Bujumbura, mwenye siku tatu nne mkononi na mfuko wa kawaida. Utakuonyesha pa kufika na namna ya kufika. Utakueleza pia wakazi wanavyoyaona madaraja, ghorofa na kuta zinazoota pwani yao, kwa sababu mambo hayo ndiyo yanayoamua ni wapi utakanyaga mchanga na ni wapi utaishia getini. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: bahari hii ni ya wote, na mgeni anayechagua ufukwe wa wote anasaidia kuulinda.

Jua maji yalipo

Kabla ya kuuliza nauli, uliza maji. Hapa bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele karibu saa moja. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa hupita mita 3. Ndiyo maana mtu anafika Coco mchana akakuta miamba mitupu, na mwenzake akafika jioni akakuta mawimbi yamefika ukutani. Maji yakiwa yametoka, vaa kandambili au viatu vya mpira, maana miamba inakata na kwenye mashimo yake hujificha viumbe wenye miiba mirefu myeusi. Mvuvi yeyote atakuambia saa ya maji bila kutazama popote. Mpe shikamoo kwanza kama ni mtu mzima, kisha uliza.

Kwa upande wa majira, Juni hadi Septemba ni miezi ya baridi kidogo na upepo wa kusi. Desemba hadi Machi ni kaskazi na joto kali. Masika ya Machi hadi Mei ndiyo ya kukwepa ukiweza, kwa kuwa mvua kubwa ikinyesha barabara hufungwa na bahari karibu na midomo ya mito huwa ya tope.

Coco, sebule ya mji

Ufukwe wa Coco uko Oysterbay, kando ya barabara ya Toure. Hakuna kiingilio. Panda daladala za Masaki kisha umalizie kwa miguu, au chukua bajaji na mkubaliane bei kabla hujakaa. Njoo saa kumi jioni na kuendelea. Utakuta watoto wanacheza mpira, wanafunzi wa chuo, familia zilizotandika mkeka, na moshi wa mishikaki.

Chakula cha hapa ni mihogo. Muuzaji huimenya, huipasua kwa urefu na kuikaanga hadi nje iwe ya dhahabu na ndani ibaki laini. Ukishaagiza, anaichana katikati, anajaza kachumbari, anakamulia limau au ndimu na kumwagia pilipili, kisha anakukabidhi ikiwa bado inachoma vidole. Sema mapema kama pilipili unaimudu. Dafu utachongewa papo hapo, na ukimaliza maji mwombe akupasulie ule nyama yake.

Wenyeji wana mapenzi makubwa na Coco, na wana sababu. Mipango ya kuukabidhi ufukwe huu kwa wawekezaji iliwahi kuzua mvutano mkubwa uliofika hadi mahakamani, na sauti ya wakazi wengi ilikuwa moja: ubaki wa umma. Sasa yamejengwa mabanda ya kisasa ya wafanyabiashara, na maoni yamegawanyika. Wapo wanaofurahia taa, usafi na mpangilio. Wapo wanaohofu kwamba kila ukarabati hupandisha kodi ya kibanda, na muuza mihogo wa kawaida akashindwa kubaki. Mimi nakubaliana na pande zote mbili. Taa tunazihitaji, lakini Coco bila mihogo ya bei ya mwananchi itakuwa imetutoka.

Tahadhari: usiogelee usiku, usiogelee baada ya pombe, na usimwache mtoto majini peke yake hata kwa dakika. Usitegemee kuwepo mwokoaji. Simu na mkoba mwachie mwenzako.

Ukitoka Coco kwenda mjini, pita Daraja la Tanzanite, lililozinduliwa 2022. Lina urefu wa kilomita 1.03 na njia ya waenda kwa miguu pande zote mbili. Wenye magari watakuambia limepunguza foleni ya Daraja la Salander. Wanaokimbia mazoezi ya asubuhi watakuambia limewapa upepo na mandhari ya mdomo wa Mto Msimbazi. Tazama chini pia uone mikoko, na taka ambazo mto huo unazibeba kutoka mitaani.

Feri na pantoni

Soko la samaki la Feri, Magogoni, linataka uamke. Ukifika baada tu ya kuchomoza jua utakuta mnada umechangamka: samaki wamemwagwa juu ya meza ya saruji, mnadishaji anapaza bei, wanunuzi wananyoosha vidole, na ndoo zinapita juu ya vichwa. Vaa viatu visivyoteleza, na usisimame njiani kwa mbeba mzigo. Changu, kolekole, nguru, pweza na ngisi wote wapo kulingana na msimu. Chagua samaki mwenye jicho linalong'aa, mpe kijana wa kuparua magamba ujira wake, kisha peleka kwa wakaangaji walio hapo hapo. Kamera iwe na adabu: omba ruhusa kwa watu, na usiielekeze Ikulu iliyo jirani, wala bandari.

Hatua chache kutoka sokoni unapanda pantoni ya kwenda Kigamboni. Kuvuka ni dakika chache tu, na nauli ya mtembea kwa miguu ni ndogo. Asubuhi umati huja mjini na jioni hurudi Kigamboni, kwa hiyo mgeni avuke kinyume cha umati. Foleni ya pantoni ni lalamiko la miaka mingi, na ukiwa umesimama nayo juani utaelewa kwa nini wakazi wanadai vivuko zaidi.

Kigamboni: mchanga mrefu, kumbukumbu ndefu

Ng'ambo hiyo, kuanzia karibu na kivuko hadi Mjimwema, Gezaulole na mbele zaidi, ndiko kwenye mchanga mweupe na maji mazuri ya kuogelea kuliko Coco. Sehemu nyingi zina hoteli ndogo na mabanda yanayotoza kiingilio cha siku, na wengine huhesabu kiingilio hicho ndani ya chakula. Uliza kabla ya kuingia.

Kwa gari, pita Daraja la Nyerere la Kurasini, lenye urefu wa mita 680, lililofunguliwa 2016. Waenda kwa miguu hupita bure, magari hulipa tozo. Muulize mkazi yeyote wa Kigamboni kuhusu daraja hilo na atakujibu kwa mambo mawili: kwamba limemwokoa na adha ya pantoni au kuzunguka Kongowe, na kwamba tozo inamuumiza anayelivuka kila siku kwenda kazini. Tozo ilipunguzwa 2022, lakini mjadala haujafa.

Kigamboni wana kumbukumbu nyingine. Mpango wa Mji Mpya, uliotangazwa 2008, uliwaacha watu miaka kadhaa bila uhakika wa kuendeleza viwanja vyao, kisha ukaachwa. Ukimsikia mzee akiupokea mradi mpya kwa maswali mengi, mtendee haki: aliwahi kusubiri.

Kunduchi, na mchanga unaoondoka

Kaskazini mwa mji, barabara ya Bagamoyo inakupeleka Mbezi, Kunduchi, Bahari Beach na Ununio. Kunduchi ina kijiji cha wavuvi, mikoko, na magofu yenye makaburi ya kale ya Waswahili. Vaa kwa heshima unapopita kijijini. Vazi la kuogelea liishie ufukweni, na kanga ikufunike njiani.

Ni hapa pia utakapoona bahari ikila ardhi. Konda atakutajia kituo cha Africana, na hoteli iliyokipa kituo jina iliachwa baada ya mawimbi kuula ufukwe wake. Sababu mojawapo inaanzia mbali na pwani. Mchanga wa fukwe hizi huletwa na mito inayoshuka kutoka vilimani, kama Mbezi na Tegeta. Mji ulipopanuka, mchanga huo ukachimbwa mitoni ukapakiwa kwenye malori kwenda kujenga nyumba. Bahari ikaendelea kuchukua kama kawaida yake, na mto ukawa hauna cha kurudisha. Wenye hoteli wamejenga kuta na vizuizi vya mawe ili kunusuru kilichobaki, na mara nyingine ukuta wa mmoja humhamishia jirani matatizo. Kila anayejenga Dar anapaswa kuuliza mchanga wake umetoka wapi.

Boti za kwenda kisiwa cha Mbudya huondokea upande huu, na za Bongoyo huondokea Msasani Slipway. Visiwa hivyo ni hifadhi za bahari tangu 1975, na kuna kiingilio ambacho Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje. Beba kitambulisho, dai risiti, vaa jaketi la kuokolea, na thibitisha saa ya boti ya kurudi. Mbudya utapata samaki wa kuchoma na chipsi chini ya banda la makuti. Beba maji ya kunywa ya kutosha, na usivunje wala kuokota matumbawe.

Kuzunguka mjini

Usafiri wa mabasi ya mwendokasi ulioanza 2016 unafika Kivukoni, jirani na Feri, na kwa mgeni ni njia rahisi ya kutoka barabara ya Morogoro hadi baharini. Wakazi wanausifu kwa kukata foleni, na wanaulaumu kwa uhaba wa mabasi na msongamano wa vituoni. Mafuriko ya Jangwani nayo yameukatiza mara kadhaa, kwa hiyo ulizia hali ya huduma asubuhi ile ile. Anayetoka Dodoma au Morogoro anaweza kuja kwa treni ya SGR, iliyoanza 2024. Beba noti ndogo na sarafu: utazihitaji kwa daladala, na kwa choo cha kulipia, ambacho hakipatikani kwenye kila ufukwe.

Haki yako, wajibu wako

Lalamiko utakalolisikia kuanzia Msasani hadi Ununio ni la vichochoro vya kwenda baharini kuzibwa kwa kuta na mageti. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Mvuvi anayezungushwa na ukuta kufikia mtumbwi wake anapoteza njia ya kazi, na mtoto wa Tandale anapoteza mahali pa kuchezea pasipo na bei.

Mgeni naye ana sehemu yake. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, kwa hiyo njoo na kikapu, na chupa zako rudi nazo. Nunua kwa mama lishe na kwa mvuvi, kwa sababu biashara zao ndizo zinazoonyesha kwamba ufukwe wa wazi unalisha watu.

Ukiwa na siku moja tu, anza Feri alfajiri, vuka na pantoni kwenda Kigamboni, rudi mchana kwa Daraja la Nyerere, na jioni ushuke Coco. Lipa bei ya haki. Na popote utakapokuta njia ya kwenda baharini imezibwa, uliza kwa sauti ni nani aliyeiziba.