Mwanga Mmoja, Kazi Mbili: Somo la Samaki na Mimea kwa Kamati za Sharika



Katika robo hii tunajifunza juu ya mwanga. Tutaanza na kitu kidogo cha sebuleni, yaani tangi la kioo la kufugia samaki, kisha tutafika kwenye bwawa ambalo usharika wa kijijini, kama wa Mabawe huku Ngara, unaweza kulichimba. Kanuni ni moja. Tofauti ni kwamba tangi likiwekwa mahali pabaya huhamishwa kwa dakika chache, lakini bwawa likishachimbwa halihamishiki.

1. Taa ya tangi na ua la ndani

Marafiki zetu wengi wa ng'ambo, na baadhi ya ofisi za mijini hapa nchini, wana tangi la samaki lenye taa juu yake. Sehemu ya mwanga wa taa hiyo hupotea pembeni. Ukiweka chungu cha ua karibu nayo, hata katika kona isiyofikiwa na jua, mmea hutumia mwanga ambao umeme wake umekwisha kulipiwa.

Mmea mmoja unaofaa kwa kazi hiyo asili yake ni kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani katika wilaya ya Tanga, alipeleka kwao mbegu za ua dogo la zambarau. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland alilipa jina Saintpaulia. Wajerumani huliita Usambaraveilchen, kwa jina la milima yetu ya Usambara. Huko msituni huota kivulini, ndiyo maana huridhika na mwanga wa taa.

Yapo mambo manne ya kuzingatia:

(a) Umbali. Chungu kikae kama shubiri moja au moja na nusu kutoka kwenye taa. Kikisogezwa mbali, mwanga hupungua haraka kuliko macho yetu yanavyodhani.

(b) Muda. Taa iwake muda wa saa 10 hadi 12 kwa siku. Ukizidisha, kioo cha tangi huota ukijani.

(c) Dalili. Mmea ukirefuka na kuinama kuelekea taa, mwanga hautoshi. Majani yakipauka au kuungua, umekaribia mno.

(d) Usalama. Usiweke chungu juu ya taa. Maji na umeme havipatani.

Tena, maji machafu yanayotolewa wakati wa kusafisha tangi yasimwagwe. Yana mbolea ya kinyesi cha samaki, na hufaa kunyweshea maua, mradi hayana chumvi wala dawa.

2. Kutoka tangi hadi bwawa

Bwawani taa yetu ni jua. Mwanga ukiingia majini, mimea midogo sana iitwayo mwani hutengeneza chakula chake, na maji huwa ya kijani. Perege hula mwani huo. Kwa hiyo chakula cha kwanza cha perege ni mwanga pamoja na samadi kidogo. Pumba na mabaki ya jikoni ni nyongeza.

Hapa ndipo kamati nyingi zinapojikwaa. Bwawa huchimbwa chini ya mikaratusi au katikati ya migomba kwa sababu eneo hilo halina kazi nyingine. Kivuli huzuia mwani, majani huanguka na kuoza, mizizi hutoboa kingo. Katika miinuko kama ya Ngara, ambako maji ni ya baridi na samaki hukua polepole, kivuli huongeza ubaridi. Baada ya hapo kamati huandika ombi la fedha za chakula cha samaki, kumbe kilichokosekana ni jua.

3. Mkono ndio kipimo

Fungua kiganja, uzamishe mkono taratibu ukiangalia vidole.

- Vidole vikipotea maji yanapofika kwenye kiwiko, hali ni nzuri.
- Vikionekana hata baada ya kiwiko kuzama, ongeza samadi kidogo.
- Vikipotea maji yangali kwenye kifundo cha mkono, acha samadi mara moja.

Sababu ya onyo la mwisho ni hii: mchana mwani hutoa oksijeni, lakini usiku huitumia. Ukizidi, samaki hupanda juu alfajiri wakihema, na wanaweza kufa wote kwa usiku mmoja. Ukiona hivyo, ingiza maji safi.

Kipimo hiki ni cha maji ya kijani tu. Maji ya kahawia ni tope, nalo huziba mwanga bila kulisha samaki. Mwaka 1997 watafiti Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walionyesha kwamba katika Ziwa Victoria maji yaliyofifia yaliwazuia furu kutambuana kwa rangi wakati wa kuzaliana, na aina zao zikapungua. Mito ya Ruvubu na Kagera inayopita wilayani kwetu huishia ziwa hilo. Tupande majani kwenye kingo za bwawa na tuchimbe makinga maji kwenye miteremko.

4. Maji ya bwawa shambani

Kama yale ya tangi, maji ya bwawa ni mbolea. Bustani ya mchicha, kabichi na nyanya iwe upande wa chini wa bwawa ili maji yafike yenyewe. Kwa kuwa yana samadi, mboga zioshwe vizuri kabla ya kuliwa.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Eneo tunalokusudia hupata jua kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi? Mtu akae pale siku nzima aandike.
2. Nani atapima maji kwa mkono kila wiki, na ataandika wapi?
3. Tope litaingia kutoka shamba la nani, na tumezungumza naye?

Majibu yaingizwe kwenye muhtasari wa kikao kabla jembe la kwanza halijapigwa, na nakala iambatishwe kwenye ombi la mradi. Mfadhili akiyasoma ataona kwamba kamati inaijua kazi inayoiombea fedha.