Pikipiki Itaifikia Lini Daladala?

Wanafunzi wapenzi, baada ya darsa ya alasiri wengi wenu huniletea hesabu hii ya shuleni, na wengi huikosea mahali pamoja. Daladala inapita kituoni kwa kasi isiyobadilika ya mita 10 kwa sekunde. Papo hapo pikipiki iliyokuwa imesimama inaondoka kuifuata, kasi yake ikiongezeka kwa mita 2 kwa sekunde katika kila sekunde. Ongezeko hilo ndilo mchapuko. Itaifikia lini?

Wengi hujibu sekunde 5, kwa kuwa hapo kasi zinalingana. Hebu tupime: daladala imekwenda mita 50, pikipiki 25. Kumbe hapo ndipo pengo ni kubwa kuliko wakati wowote! Mpaka sekunde hiyo daladala ilikuwa na kasi zaidi. Sasa ndipo pengo linaanza kupungua.

Zinapokutana, kinacholingana ni umbali. Wa daladala ni 10t. Wa pikipiki ni nusu ya mchapuko mara t mara t, yaani t². Basi t² = 10t. Majibu ni mawili: t = 0, pale kituoni, na t = 10, mita 100 mbele. Hapo pikipiki ina kasi mara mbili ya daladala, kilomita 72 kwa saa (msiijaribu mtaani).

Zoezi: pikipiki ikichelewa kuondoka kwa sekunde 2, je?