SOMO LA 31: ULIMI NA MDOMO WA SAKSAFONI

1. Saksafoni ni chombo cha kupulizwa. Mwili wake hufanywa kwa shaba, lakini wajuzi wa muziki huihesabu pamoja na filimbi na zumari, wala si pamoja na tarumbeta. Je, mwajua sababu yake? Sauti ya tarumbeta huanzia katika midomo ya mpigaji, nayo hutetemeka juu ya shaba. Bali sauti ya saksafoni huanzia katika kipande chembamba cha tete, nacho huitwa ulimi. Watu wa pwani hawatalistaajabia jambo hili, kwa kuwa zumari nayo hulia kwa ulimi. Ila ulimi wa zumari ni wa pande mbili, na ulimi wa saksafoni ni mmoja tu.

2. Aliyevumbua chombo hiki ni fundi Adolphe Sax, aliyezaliwa mwaka 1814 katika mji wa Dinant, nchi ya Ubelgiji. Alihamia Paris, na mwaka 1846 serikali ya Ufaransa ikampa hati ya kwamba uvumbuzi huu ni wake. Alifariki mwaka 1894, na jina la chombo limetokana na jina lake. Alitengeneza saksafoni za ukubwa mbalimbali, kubwa na ndogo, kama watu wa nyumba moja. Mwanafunzi aanzaye mara nyingi hupewa ile iitwayo alto. Tena mwaka 2017 kiwanda cha Yamaha cha Japani kilitoa chombo kidogo cha plastiki, jina lake Venova. Si saksafoni kamili, lakini hupigwa kwa mdomo na ulimi wa saksafoni ndogo iitwayo soprano, tena huoshwa kwa maji bila kudhurika.

3. Sasa tuwafikirie wanafunzi wawili walioanza kujifunza siku moja. Wazazi wao walikuwa wamejinyima ili kuwapatia fedha. Wa kwanza alimwona mpigaji mkuu wa bendi akitumia mdomo wenye mwanya mpana na ulimi mgumu wa nambari 4. Akasema moyoni, "Nikinunua vitu kama vyake, nitapiga kama yeye." Akanunua. Alipopuliza, ikatoka pumzi tupu, kama upepo upitao katika ufa wa mlango. Akapuliza tena hata mashavu yakamwuma na mdomo wa chini ukatoka damu. Baada ya majuma matatu akakiweka chombo juu ya kabati, asikiguse tena; akadhani kwamba hana kipawa. Wa pili alikwenda kwanza kumwuliza mwalimu wake. Mwalimu akamwambia, "Mwanangu, usinunue cha mkubwa wako, nunua kilicho kadiri ya nguvu zako." Siku ile ile akatoa sauti moja safi, na siku ya pili akarudi kwa furaha. Wa kwanza hakukosa kipawa, alikosa shauri.

4. Basi, mwalimu alimwambia nini? Kwanza alimwonyesha mdomo, yaani kipande kile kitiwacho kinywani. Kati ya ncha ya mdomo na ncha ya ulimi pana nafasi ndogo sana. Nafasi hiyo tutaiita mwanya. Mpigaji apulizapo, ulimi hutetemeka na kuufunga na kuufungua mwanya mamia ya mara katika nukta moja, na hewa iliyo ndani ya bomba hutetemeka nayo. Mwanya ukiwa mpana, mpigaji hana budi kuwa na pumzi nyingi na midomo iliyozoea kazi. Mwanya ukiwa mwembamba mno, sauti husongwa. Kwa hiyo mwanafunzi huanza na mwanya wa kadiri, ulio mwembamba kidogo. Mdomo wa Yamaha wenye alama 4C ni mfano mmoja, na walimu wengi huuchagua.

5. Midomo mingine hufanywa kwa plastiki, mingine kwa mpira mgumu mweusi uitwao ebonaiti, na mingine kwa madini. Usidanganywe na kung'aa kwake. Umbo la ndani na upana wa mwanya huigeuza sauti kuliko kitu ulichofanywa. Tena angalia sana: mdomo wa alto hauingii katika soprano, wala wa soprano hauifai alto, na ndimi zao ni hivyo hivyo. Kabla ya kutoa fedha, pitisha ncha ya kidole polepole katika kingo za mdomo. Ukiona pengo au mkwaruzo, uache.

6. Sasa tutazame ulimi. Ndimi nyingi hufanywa kwa matete marefu, nayo hulimwa katika nchi ya Var, kusini mwa Ufaransa. Huachwa mpaka mwaka wa pili, hukatwa wakati wa baridi, kisha hukaushwa juani mpaka yapate rangi ya dhahabu. Ncha ya ulimi huchongwa iwe nyembamba kama karatasi. Juu ya ulimi huandikwa nambari, toka 1 mpaka 5, pamoja na nusu zake. Watu wengi hudhani kwamba nambari ni unene. Sivyo, nambari ni ugumu. Aanzaye huchukua 2 au 2½. Ulimi laini mno hutoa sauti kali na nyembamba, tena hujifunga ukipulizwa kwa nguvu. Ulimi mgumu mno hutoa pumzi tupu. Tena shika kanuni hii: mwanya mpana wataka ulimi laini zaidi, na mwanya mwembamba huvumilia ulimi mgumu. Jueni pia kwamba nambari 2 ya kiwanda kimoja si lazima ilingane na nambari 2 ya kiwanda kingine. Ziko na ndimi za plastiki. Hazihitaji kuloweshwa, na hudumu siku nyingi, lakini bei yake ni kubwa zaidi.

7. Ukiisha kupata ulimi mwema, utunze. Uloweshe kwa mate au kwa maji kabla ya kupiga. Ulaze juu ya mdomo hata ncha zake zilingane, kisha kaza skrubu za pete yake, wala usikaze kupita kiasi. Ukiisha kupiga, uondoe, upanguse, na uweke katika kijaluba chake mahali pakavu. Uwe na ndimi tatu au nne, uzitumie kwa zamu, nazo zitadumu. Ulimi uliopasuka ncha utupwe. Osha mdomo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Maji ya moto huiharibu rangi ya ebonaiti. Wala usiazime ulimi wako hata kwa rafiki, kwa maana mafua na magonjwa mengine hupita kwa njia ya mate.

8. Watoto, miezi itapita, midomo yenu itapata nguvu, na mwalimu atawaambia, "Sasa jaribu 2½," kisha, "Sasa jaribu 3." Ngazi hupandwa kwa kuanzia kipandio cha chini. Haraka haraka haina baraka.

MASWALI

1. Kwa nini saksafoni haihesabiwi pamoja na tarumbeta?
2. Mwanya ni nini? Mwanya mpana wataka ulimi wa namna gani?
3. Nambari iliyoandikwa juu ya ulimi huonyesha nini?
4. Mwanafunzi wa kwanza alikosea wapi? Ungalikuwa rafiki yake, ungalimwambia nini kabla hajakiacha chombo chake?