Acha Krimu Kwanza, Leza Baadaye

*Shangazi, nina miaka mitatu napaka krimu ya kung'arisha. Uso umetakata kweli, ila sasa mashavuni na puani imejitokeza mistari myekundu myembamba. Saluni moja inasema leza itaimaliza kwa siku moja. Nikope hela nikafanye?*
*Mwenye Mashaka, Temeke*

Mwanangu, usikope kwanza. Bonyeza glasi safi juu ya mstari mmoja mbele ya kioo. Ukififia, kisha ukarudi mara unapoiondoa glasi, jua damu haijavuja. Ingali inapita ndani ya mshipa uliotanuka. Kwa maelezo yako, mshukiwa mkuu ni hiyo krimu. Nyingi za mkorogo hutiwa steroidi kali kama klobetasoli au betametasoni, na steroidi ikipakwa usoni miezi na miezi huikondesha ngozi na kuilegeza mishipa midogo, ikatanuka na kuonekana. Leza huziba mishipa iliyopo, lakini haiwezi kuizuia krimu kutanua mingine. Ukilipia leza huku unaendelea kupaka, utalipa tena na tena.

Najua utasema ukikosa kupaka siku mbili tu uso unawaka na kutoa vipele. Nakuamini, lakini huko ni kulalamika kwa ngozi iliyozoeshwa steroidi, na kwaweza kudumu wiki au hata miezi. Ndiyo maana nataka uende kliniki ya ngozi, Muhimbili kwa mfano, na kopo lenyewe mkononi, bila aibu, ili daktari akupangie namna ya kuacha na ahakikishe hakuna ugonjwa mwingine nyuma ya mistari hiyo. Wakati huo vaa kofia na upake mafuta ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi. Mishipa mingine hufifia krimu ikishaachwa. Itakayobaki ndiyo ya kuzungumzia leza.

Kwamba kuna waliofanyiwa leza wakapendeza, sipingi. Mwanga wa leza hunyonywa na damu, ukageuka joto linaloziba mshipa. Tatizo ni kwamba melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, nayo huunyonya. Mashine za nanomita 532 au 595, zinazosifiwa kwa ngozi nyeupe, zaweza kuiunguza ngozi nyeusi na kuiachia madoa. Ile ya Nd:YAG ya nanomita 1064 melanini huinyonya kidogo, hivyo ni salama zaidi mikononi mwa mzoefu, ingawa ikitumiwa ovyo nayo huunguza. Usitegemee weupe wa krimu ukukinge, maana ukiacha kupaka melanini hurudi. Basi kabla ya bei, uliza ni mashine gani, anaishika nani, na kama atajaribu kwanza sehemu ndogo. Kwa kawaida vikao huwa zaidi ya kimoja, kwa hiyo anayekuahidi siku moja amekwisha kukuonyesha kuwa si wa kumwamini. Kwa sasa gharama yako ni nauli na ada ya kliniki, si mkopo wa leza.