Kumsamehe dereva hakufuti fidia yako

*Shangazi, mimi ni mama lishe hapa Mbagala Rangi Tatu. Mwezi wa tatu, alfajiri, nilikuwa natembea pembeni ya barabara nikienda kununua mboga, gari ndogo ikaacha njia ikanigonga kwa nyuma. Mguu wa kulia ulivunjika sehemu mbili, nikapasuliwa na kuwekewa vyuma. Mpaka leo natembelea magongo na banda langu la chakula limefungwa.*

*Aliyenigonga ni kijana wa mtaa wa pili. Gari si lake, ni la mjomba wake, na siku hiyo alikuwa ametumwa naye. Siwezi kumsema vibaya, maana ndiye aliyenibeba mpaka hospitali na akalipa nusu ya gharama za upasuaji. Mama yake amekuja kwangu mara mbili, anapiga magoti analia, ananiomba nisimfunge mwanawe. Nikamwambia nimesamehe. Wiki iliyopita mjomba akaja na karatasi, ananipa laki sita nisaini kwamba tumemalizana. Shemeji yangu anasema nichukue, kesi zinachosha na maskini hashindi. Mume wangu yuko kimya. Pale stendi kuna mtu anajiita wakili, anataka laki mbili za kuanzia afuatilie bima, halafu tugawane nusu kwa nusu. Shangazi, nikidai si nitaonekana sina shukrani?*

*Mama Z., Mbagala*

Mwanangu, pole sana. Pole ya mguu, pole ya banda, na pole ya kubebeshwa machozi ya mama mwingine wakati wewe mwenyewe bado unajiuguza.

Nianze na ile karatasi, kwa sababu ndiyo yenye haraka. Usisaini. Karatasi za namna hiyo huwa na mistari michache tu: "Mimi fulani nimepokea shilingi 600,000 na sina madai yoyote, ya sasa wala ya baadaye." Wanachonunua ni hayo maneno ya mwisho. Ukishayasaini, kampuni ya bima itakuonyesha saini yako na kukwambia ulishalipwa. Nawe bado una vyuma mguuni, ambavyo huenda siku moja vikahitaji kutolewa kwa upasuaji mwingine. Daktari hajaandika ulemavu utakaobaki ni kiasi gani, wala hujajua kama utaweza tena kusimama jikoni tangu alfajiri hadi saa tisa. Hiyo laki sita imepimwa kwa kipimo gani?

Kama unahitaji hela sasa hivi ya dawa na nauli ya kliniki, na mjomba anatoa kwa moyo mweupe, pokea. Ila maandishi yaseme hivi: "Nimepokea shilingi kadhaa kwa ajili ya matibabu, bila kuathiri haki yangu ya kudai fidia." Akikataa maneno hayo, utakuwa umejua hela ile ilikuwa ya nini.

Sasa tuje kwenye shukrani, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi. Kijana hakukukimbia, alikubeba, na wewe umemsamehe. Hilo ni jambo jema na libaki hivyo hivyo. Lakini Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza gari kuingia barabarani bila bima ya kumlinda mtu wa tatu. Huyo mtu wa tatu, mwanangu, ndiye wewe uliyekuwa ukitembea zako. Hiyo tunayoiita bima ndogo, ambayo wengi wanailipia ili trafiki asiwasumbue, imewekwa kwa ajili ya mguu kama wako. Kwa kawaida inafanya kazi hata gari likiendeshwa na mtu mwingine aliyeruhusiwa na mwenyewe, mradi ana leseni. Ukidai, humnyang'anyi yule mama chakula cha wanawe. Unadai kitu ambacho mwenye gari alikwisha kukilipia.

Akija tena kupiga magoti, mwinue, mkalishe, umwambie hivyo. Umwambie pia kwamba kesi ya barabarani si yako, ni ya Jamhuri dhidi ya dereva. Wewe ni shahidi tu. Huna mamlaka ya kumfunga mwanawe wala ya kumfungua. Na faini akitozwa, inakwenda serikalini, haiji kwako hata shilingi. Watu wengi wanakosea hapo: wanasikia dereva kapigwa faini, wanadhani mambo yamekwisha, kumbe fidia haijaguswa. Hukumu ile ina faida yake kwako, kwa sababu dereva akitiwa hatiani na muda wa rufaa ukapita, mahakama ya madai inaichukua kuwa ushahidi kamili kwamba alitenda kosa hilo. Kwa hiyo omba nakala ya hukumu na uitunze.

Linalonitia shaka mimi ni mjomba. Kama bima ya gari iko hai, kwa nini atoe laki sita mfukoni badala ya kuipa taarifa kampuni yake? Huenda hajui, huenda bima ilikuwa imekwisha. Kujua si kazi kubwa: namba ya gari ikiingizwa kwa simu kwenye mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, inaonyesha bima ni ya kampuni gani na inaanza na kuisha lini. Angalia hasa kama ilikuwa hai siku ya ajali. Ukikuta hakuna bima, haki yako haifi. Utamdai dereva, na mwenye gari pamoja naye, kwa kuwa kijana alikuwa ametumwa naye. Njia hiyo ni ngumu zaidi, sikufichi, maana utategemea mali walizonazo.

Ikiwa bima ipo, kinachobaki ni karatasi, na hapa ndipo watu wa kipato chetu wanaposhindwa, si kwa sababu ni maskini kama anavyosema shemeji yako. Unahitaji nakala ya PF3 iliyojazwa na daktari, ripoti ya polisi na mchoro wa eneo la ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari, na ripoti ya daktari kuhusu ulemavu. Mchoro ni muhimu mno kwako. Ulikuwa pembeni ya barabara na gari ndiyo iliyokufuata. Mchoro ukionyesha hivyo, hakuna wa kukwambia ulijirusha mbele ya gari ili akupunguzie fidia.

Halafu risiti. Gharama ulizotoa, mahakama inazitaka shilingi kwa shilingi: dawa, magongo, picha za eksirei, bajaji ya kwenda kliniki. Bajaji hawatoi risiti, najua. Mwombe dereva aandike kikaratasi, tarehe, kiasi, jina na namba ya simu. Maumivu na ulemavu havina risiti, hivyo hakimu huvipima mwenyewe kwa kutazama ripoti ya daktari na maisha yako yalivyobadilika.

Na kipato chako? Watakuuliza, "Una hati ya mshahara?" Usinyamaze. Una lile daftari la mikopo ya wateja, lenye michirizi ya mafuta, ambamo fundi fulani anadaiwa wali maharage wa siku nne. Hilo ni ushahidi. Una miamala ya simu uliyomlipa muuza mchele. Una kumbukumbu za kikoba ulichokuwa ukiweka kila wiki, na sasa huweki. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anaweza kukuandikia barua kwamba unauza chakula hapo tangu mwaka fulani. Wateja wawili watatu wanaweza kuja kusema. Kusanya vyote sasa, kabla daftari halijaliwa na panya.

Yule wa stendi achana naye. Anayedai laki mbili bila ofisi na anataka nusu ya fidia ya mguu wako ni kishoka. Wakili wa kweli anahakikiwa kwa jina kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Kama huna hela ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada kwa wasio na uwezo, na hapo Dar es Salaam kuna Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na kituo cha WLAC kinachosaidia wanawake. Watakusaidia kuandika barua ya madai kwa kampuni ya bima. Kampuni ikikuzungusha, kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ikishindikana, ni mahakamani, na kampuni lazima ipewe taarifa ya kesi mapema, isije ikapata pa kujifichia.

Muda unao, lakini si wa kuchezea. Madai ya namna hii yana ukomo wa miaka mitatu tangu siku ya ajali, na mazungumzo na kampuni hayasimamishi hesabu hiyo. Wapo wanaoambiwa "njoo wiki ijayo" mpaka siku zinakwisha.

Na wewe baba, mume wa Mama Z., kama unasomewa hapa: mkeo anatembelea magongo. Jumatatu asubuhi mshike mkono mwende polisi kuomba hizo ripoti, na ile karatasi ya mjomba irudishe wewe mwenyewe, bila saini.